Bamasika Babili mu Fiche Moja

Siku yangu ya kwanza ku bureau ya quartier, ofisi ya mutaa, pale Butembo, tulikuwa batu tano mu chumba kimoja. Chef de quartier, Papa Paluku, alikuwa bwana ya shangazi yangu. Secrétaire Kasereka, mutoto ya kaka ya Chef. Mama Kavira, mujane ya katekista wetu, alikuwa anafagia na kupika chai. Mulinzi Mbusa hakuwa ndugu ya mutu, mais alioa kwa majirani zetu kule Kipese. Wa tano ni miye, Kahambu, niliyesoma mupaka mwaka ya ine ya primaire tu.

Papa Paluku hakuniuliza diplôme. Aliniambia: "Nitajie batu ya avenue yako, nyumba kwa nyumba." Nikabataja bote, mupaka batoto ya mugongoni.

Kasereka akacheka. "Chef, huyu mama atatufukuzisha kazi!"

Hivyo njo niliingia kazi ya agent recenseur, mutu anayepita mu manyumba na kuandika banaoishi humo. Kila nyumba na karatasi yake, fiche ya ménage. Juu unaandika chef de ménage, maana yake baba, chini bibi yake, chini batoto. Musitari ya mwisho kabisa ni ya banaoitwa "à charge", bale banaolishwa tu.

Mais manyumba haikuwa inafanana na fiche. Kwa moja baba alikuwa na bibi babili. Kwa ingine nyanya peke yake na bajukuu saba. Papa Paluku alinifundisha: "Kahambu, hapana anza na kuuliza baba iko wapi. Utaliza batu bure. Uliza: hii sufuria inapikia banani?" Nilifanya kazi na ulizo ile mupaka mwisho.

Na majina ilinisaidia. Kwetu Banande mutoto anapewa jina kufuata namna alizaliwa kwa mama yake. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Katungu, wa ine Kavugho, wa tano Kahambu kama miye. Donc nikisikia Masika na Katungu bila Kavira, nilikuwa ninashusha sauti mbele ya kuuliza wa pili alienda wapi.

Kisha vita ikaleta batu ya upande wa Oicha, na miye nikatumwa Beni kusaidia kuandika bakimbizi. Chef de service kule alitoka province ingine. Hakuwa mutu mubaya. Alisalimia kila mutu, alikuwa ananiita "Mama Ordinateur", Mama Kompyuta, na bic yake nyekundu, kalamu ya wino, haikutoka mukononi.

Mu commune ya Ruwenzori, mule mule Beni, nikaingia kwa Mama Kyakimwa. Chumba kimoja, sufuria moja. Bwana yake na mwenzake, bibi ya pili, baliuawa pamoja mu shamba. Alibaki na Masika wake mwenyewe, na Masika ya mwenzake, na katoto Kambale, ambaye balimuokota mu njia wakati ya kukimbia. Bamasika bale balikuwa karibu umri moja.

"Mukaka, andika miye juu," Masika ya Kyakimwa akaniambia; mukaka ni nyanya kwa Kinande. "Miye ni murefu."

"Murefu kama mukia ya ng'ombe," yule mwingine akamujibu. "Kazi yake ni kufukuza nzi tu."

Mama Kyakimwa alicheka mupaka akajifuta macho. "Andika hivyo, mama. Bote ni bangu." Nikaandika: Masika, Masika, Kambale.

Ku bureau, Chef akasimamisha bic. "Mama Ordinateur, hii ni nini? Jina moja, baba moja, umri moja. Hii ni doublon." Doublon ni mutu aliyeandikwa mara mbili, na kweli bengine balikuwa banafanya hivyo.

"Chef, ni batoto babili. Kila mama na wa kwanza wake."

"Baba moja na bazaliwa ba kwanza babili? Tika, mama, tika." Ni Lingala: acha. Akamupiga Masika wa chini musitari mwekundu.

Kutoka pale mupaka kwa Kyakimwa ni mwendo ya kuchemsha chai. Ningeweza kwenda kuleta bale batoto babili, kubasimamisha mbele yake. Nilisema: "Ndiyo, Chef." Hiyo njo kazi yangu mubaya kupita zote.

Jeton, ile karatasi ya kupokelea chakula, ikatoka ya batu tatu, na chakula ya batu tatu. Mama Kyakimwa hakugombana, aligawanya. Mais Masika wa chini, ule ya mwenzake, alisikia kama njo yeye alipigwa musitari. Akasema: "Mama, siwezi kukula sahani ya bale banaoandikwa." Akafuata bamama fulani ku shamba ya baba yake, kung'oa muhogo.

Bamama balirudi bila yeye. Siku ya tatu balimuleta amefungwa mu bâche, turubai ya plastiki.

Nikapeleka fiche kwa Chef ili aandike kifo. Akatafuta, akatafuta tena. "Hayuko hapa. Siwezi kuandika kifo ya mutu asiyeandikwa." Kisha akaona ule musitari wake. Akaweka kidole pale.

"Ni yupi?" akauliza.

"Wa chini, Chef."

Akachukua bic ya bleu, akamuandika upya: Masika. Kisha akachukua ile nyekundu, akamupiga musitari mara ya pili. Hatukuangaliana.

Nilifanya kazi tena miaka mingi, chini ya bachefs bengine, na kila jina iliyorudiwa nilienda kuona sura yake. Sasa nimepumuzika, niko Butembo. Mama Kyakimwa alikufa na ugonjwa. Mu fiche yangu chef de ménage ni miye, chini Masika murefu na mutoto wake, ambaye baba yake hatumutafuti, chini Kambale. Sufuria ni moja.

Ninyi banaoanza kazi hii, macho na kichwa yangu imezeeka. Mama ya Masika wa chini, ninafikiri aliitwa Katungu. Pengine alikuwa Kavugho. Pengine ni siku ya ine balimuleta, hapana ya tatu. Unayejua, kuja unirekebishe, sitakasirika. Mais Bamasika balikuwa babili. Pale hapana gusa.