Majivu ya Jiko la Bibi

Nilimkuta kwenye mtaro, pale wanapopanga mikungu ya ndizi sokoni Tukuyu. Ukungu ulikuwa mzito, hata nikasikia kilio chake kabla sijamwona. Mtoto wa paka, wa kijivu, amelowa chapachapa, na mbwa wawili wanamnusa. Nikawarushia mwavuli, nikawatukana mbwa wa watu mbele za watu, mwalimu mzima. Nikamtia ndani ya sweta, nikapanda bodaboda kurudi Lufingo. Njia nzima moyo wake uligongagonga kifuani kwangu.

Mimi sikuwa mtu wa paka. Nilikuwa mtu wa jua. Kwetu ni Singida, kwenye mawe yanayotunza joto mpaka jioni, na nilipopangiwa kufundisha Rungwe niliona nimetupwa ndani ya wingu. Nguo hazikauki. Asubuhi unafungua mlango, migomba yote imetoweka, unasikia tu ng'ombe akicheua mahali fulani kwenye ule weupe. Kila likizo nilitafuta mwalimu wa kubadilishana naye kituo, yeye aje huku, mimi nirudi kwetu. Mkataa kwao mtumwa, nilikuwa nawaambia wenzangu, na utumwa siutaki.

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi mmoja mjane, Mnyakyusa wa hapohapo, mwenye ng'ombe mmoja na maneno mengi. Alimtazama yule paka akauliza, "Huyu ana kwao?"

"Hana, Bibi."

"Basi atapotea. Paka asiye na jiko hupotea."

Akambeba hadi jiko lake la nje, lile la kuni, akamchovya miguu yote minne kwenye majivu ya uvuguvugu, akamzungusha kwenye mafiga huku akimsemesha Kinyakyusa taratibu. Ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya, alisema, ili mnyama ajue nyumbani. Mwishoni akamwambia paka, "Ndaga," asante, kama anavyomwambia mgeni aliyekuja na zawadi. Nilicheka. Mimi napikia gesi, majivu ningeyatoa wapi?

Ala! Kumbe ndiyo nimekwisha. Tangu siku ile paka alikula kwangu, akalala kwa Bibi. Namnunulia dagaa, anakuja, anakula, ananisugulia ubavu kidogo, halafu huyo, mkia juu, anakatiza uani anaufuata moshi mpaka ukungu unammeza. Niliona wivu, jamani, wivu wa kweli kabisa.

"Bibi, umeniibia paka."

"Mimi? Muulize mwenyewe."

Nikawa namfuata. Naingia jikoni kwa hasira, nakaa kwenye kigoda, gambuti zangu zinaanza kutoa mvuke karibu na moto, na hasira inayeyuka bila mimi kujua. Bibi anafukia ndizi mbichi kwenye majivu ya moto. Paka amelala kando ya figa, masikio tu ndiyo yanaonekana. Nje mvua inanyesha, inakatika, inanyesha tena. Tulikuwa tunabishana juu ya chumvi, juu ya mahubiri ya Jumapili, halafu tunanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa mtamu. Sijui tulikaa hivyo mara ngapi. Nikikumbuka naona kama ni jioni moja tu, ndefu.

Halafu simu ikalia. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Masukulu, Rungwe hiyohiyo, anayefundisha kwetu Singida, alitaka kurudi kwao. Tubadilishane? Nilipiga kigelegele chumbani peke yangu! Vibali vilipotoka nikanunua kikapu chenye mfuniko, nikatandika lile sweta ndani.

"Kikapu cha nini?" Bibi akauliza.

"Cha paka. Naondoka naye."

"Huyo amekanyaga majivu ya hapa. Atarudi."

"Kutoka Singida, Bibi?"

Akasogeza kuni. "Hatafika. Ila atajaribu."

Nilimjibu vibaya. Nikasema hayo ni mambo ya kizamani, paka ni wangu, mimi ndiye niliyemtoa mtaroni. Nikakaa kwenye kigoda nimenuna, nikamtazama alivyojikunja pale. Nikamwona kando ya barabara kuu, amelowa, malori yanapita, mbwa wa kila kijiji wanamngoja. Machozi yakanitoka, na sikuweza kusingizia moshi.

"Abaki," nikasema.

Bibi aliinama akanivua gambuti, akanivua soksi, akachota majivu, akanipaka nyayo zote mbili.

"Bibi, mimi ni mwalimu."

"Nyamaza."

Sasa niko Singida. Jua lipo la kutosha, nguo zinakauka upesi mpaka zinakakamaa. Bibi hunipigia. Paka amekuwa dume kubwa, panya wamehama, na mahali pake ni palepale kwenye figa. Nafurahi kusikia yuko salama. Nikikata simu nabaki nimesimama uani, na jirani akiwasha kuni nasahau nilichokuwa nafanya.

Juzi nilimuuliza mwalimu mwenzangu kama anamjua mtu yeyote wa Rungwe anayetaka kubadilishana kituo.

"Si ndiko ulikokukimbia?" Akaangua kicheko.

Nikamwambia ndiko. Nikamwambia aache kucheka, anisaidie kuuliza.