Mwenye Bucha na Nyundo

Mimi sichori mtu kutoka kwenye simu. Anayetaka mkono wangu asimame mbele yangu, na hapa Kashaulili, mjini Mpanda, watu wa kusimama hawanipungui. Kibaraza changu kiko katikati ya kinyozi na bucha. Asubuhi tunakunywa chai pamoja, tunataniana, halafu namshika mmoja wao namwambia atulie.

Kigango chetu cha kanisa kiliponipa kazi ya kuchora Njia ya Msalaba, sikuhangaika kutafuta sura. Kinyozi akawa Pilato, na beseni lile lile la saluni yake. Muuza asali anayetoka Inyonga akawa Simoni wa Kirene. Aliyezoea kubeba mizinga begani humfundishi kubeba msalaba. Mwenye bucha, Mpimbwe mpole anayeimba besi kwenye kwaya, nilimpa nyundo akainama. Hakuuliza anapigilia nini. Ule mkono niliuchora kwa raha, na mpaka leo sijachora mwingine kuushinda.

Picha zilipotundikwa ndipo alipojiona kwenye kituo cha kumi na moja, akimpigilia Yesu misumari. Watu wakacheka. Sokoni wakaanza kumwita askari, na watoto wake wakaitwa hivyo hivyo shuleni. Akaacha chai yetu. Iliniuma, maana huyu ndiye aliyenilisha nilipofika Mpanda sina mbele wala nyuma. Mwishowe akamtuma mkewe: nimfute, la sivyo urafiki umekwisha.

Nilikataa. Kazi nzuri haifutwi kwa sababu ya vicheko vya sokoni. Lakini chai bila yeye ilikuwa haishuki, basi Ijumaa moja ya Kwaresima nikabeba rangi na brashi, nikaenda kanisani nimenuna.

Ibada ilikuwa imekwisha na watu wameondoka. Nilimkuta amepiga magoti peke yake mbele ya picha ile. Nikafungua kopo, nikamwuliza nianzie uso au mkono.

Akaitazama ile nyundo pichani.

“Ukinifuta mimi,” akasema, “hiyo nyundo utampa nani?”

Nikampitisha kichwani kinyozi, nikampitisha muuza asali, nikawapitisha wote wa kibarazani, mpaka nikajifikia mwenyewe. Nikafunga kopo.

Akasimama, akapangusa magoti.

“Basi niache hapo hapo, dada. Kesho chai iwe na tangawizi.”