Mapasa ya Farasi wa Kolwezi

Niliondoka Lubudi kwa sababu ya simu moja. Mama Feza, mtunza farasi wa tajiri mmoja wa shaba kule Kolwezi, alininong'oneza: "Docta, ule farasi iko na mimba ya miezi munane, na maziba inatonya. Kuya mbio! Huku bote banacheza tu." Mimi nimezoea ng'ombe na mbuzi, lakini maziwa yakitonya miezi mitatu kabla ya wakati, sina raha kwa mnyama yeyote.

Saa mbili asubuhi nilipanda lori la mahindi. Vumbi la malori ya madini nililila njia nzima, nimekumbatia mashine yangu ya ekografia, ile ya kutazama mimba tumboni.

Saa saba, Kolwezi. Yesu wangu! Ngoma getini, wafanyakazi wamejipaka pemba, udongo mweupe, wanaimba matusi ya mapasa, yaani mapacha, bila haya, kama desturi yetu Waluba inavyoruhusu. Fundi wa ekografia ya watu alikuwa ameona vichwa viwili tumboni mwa farasi. Basi tajiri, ambaye hajawahi kupata mtoto, akajipa cheo cha baba wa mapasa.

"Uniite Shamapasa," akanisalimia.

"Shamapasa, farasi si mbuzi. Tumbo yake ni ya mutoto mumoja. Babili banabanana, chakula inapunguka, banakufa. Na mama anaweza kubafwata."

"Docta, usituletee mukosi! Mapasa ni baraka!"

Zizini niliweka mashine: moyo mmoja ulipiga polepole, mwingine kimya. Mama Feza alinitazama usoni, akaenda kuleta maji ya moto.

Saa tisa uchungu ukaanza, ngoma bado zinalia. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili alikuwa amekingama tumboni. Nilimgeuza, mkono umezama hadi begani. Akatoka, akapumua mara tatu, basi.

Tajiri alipiga magoti kwenye majani na suti yake nyeupe. "Sasa bataniita nani?"

Nilikasirika, kusema kweli. Jike anavuja damu, yeye anauliza cheo! "Shika hii chupa ya serumu, juu!" Akaishika, maji yakiingia kwenye mshipa wa jike, hadi jua likashuka.

Kesho yake jike alisimama, nami nikarudi. Nilichojifunza ni hiki: anayemlisha mnyama aulizwe kabla ya ngoma, si baadaye.

Karibu na Lubudi simu ililia. "Amekula, docta."

"Na Shamapasa?"

"Tukimwita vile, haitiki," alisema Mama Feza. "Lakini majani ya farasi, njo yeye mwenyewe analeta."