Miguu Yangu na Mgongo wa Kaka

Mimi nilizaliwa kwa kutanguliza miguu, na kwetu Wasukuma mtoto wa namna hiyo ana kazi: kukanyaga migongo ya wanaoumwa. Hapa Kakese, tangu nikiwa mdogo, watu wamekuwa wakija kwetu jioni, wanalala kifudifudi kwenye mkeka, naambiwa nipande. Nachukia. Mimi hata kuitika jina darasani naona aibu, halafu nisimame juu ya baba wa mtu huku wanawe wananitazama! Lakini sikuwahi kukataa, mpaka ilipofika zamu ya kaka yangu.

Kaka ndiye anayelima na ng'ombe wetu. Mgongo ulianza kumuuma wakati wa kuvuna mpunga. Akakonda, akawa na homa zisizoisha. Kisha katikati ya mgongo pakatokea kinundu kigumu. Tukadhani ni mzigo wa magunia. Baadaye miguu ikaingia ganzi. Kandambili ilimvuka mguuni njiani na yeye akaendelea kutembea, hana habari.

Shangazi akatandika mkeka, kaka akalala kifudifudi, baba akiangalia.

"Haya, njoo. Kanyaga pale pale palipotokeza, parudi ndani."

Mwalimu wa baiolojia alikuwa ameshatuchorea uti wa mgongo ubaoni: pingili juu ya pingili, katikati yake tundu la kupitisha ugwe, ule unaopeleka habari miguuni na kuzirudisha. Kifua kikuu kikila pingili, alisema, inabonyea na kuubana ugwe. Nilielewa vizuri kabisa. Kichwani maneno yote yalikuwepo. Mdomoni yakatoka mawili tu.

"Mimi sikanyagi."

"Unasemaje?"

"Sikanyagi, shangazi. Atapooza."

"Unamtabiria kaka yako kupooza? Baba yake, umesikia? Sekondari hiyo!"

Kaka akainua kichwa kutoka mkekani. "Panda bwana, nyie mnabishana mimi naumia. Kwanza wewe mwepesi kama kuku."

"Ni kifua kikuu," nikasema kwa sauti ya chini. "Kiko mgongoni."

Shangazi alicheka mpaka akashika magoti. "Kifua kiko mgongoni! Na tumbo je, liko kisogoni?"

Machozi yalinitoka kwa hasira. Nikapiga magoti, nikaukwaruza unyayo wa kaka kwa ukucha, kwa nguvu, mpaka pakabaki alama nyeupe. Hakutikisika.

Baba akainama. "Mwanangu, husikii anavyokukwaruza?"

"Nani? Wapi?"

Baba akaenda kuandaa mkokoteni. Asubuhi wakamlaza humo, tukaenda naye Mpanda hospitali. Picha ikaonyesha pingili mbili zimelika. Kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vidonge miezi mingi, na kulala chali.

Nilidhani sasa nitasikilizwa. Wapi! Shangazi anawaambia majirani kuwa ningekanyaga mapema, kinundu kingali kidogo, kaka angekuwa shambani. Baba anasikia, ananyamaza. Na mimi nanyamaza, ndicho kinachoniudhi zaidi.

Jumamosi nilimpelekea kaka uji wodini. Hakumuuliza daktari, aliniuliza mimi.

"Wewe msomi, msimu huu nitalima?"

Mwalimu hakutufundisha hilo. Alisema tu ugwe ukibanwa muda mrefu, pengine haurudi.

"Sijui," nikamwambia.

Akageuzia uso ukutani, uji ukapoa.