Sentensi Iliyobaki Kwenye Flopi

Programu ile haikuweza kuandika hata herufi moja. Ilisoma tu. Uliipa jina la faili, nayo ikakufungulia kilichomo, chote, mstari kwa mstari, maandishi meupe juu ya kioo cha bluu, bila kujali faili hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa programu gani. Ilikuwa ndogo kiasi cha kukaa kwenye flopi moja, ile diski bapa ya kubebeka, na kuacha nafasi. Ilitufikia Moshi kama vitu vingi vya kompyuta vilivyotufikia miaka hiyo ya tisini, kwa kunakiliwa na huyu kisha na yule. Kila ilipoanza ilitanguliza tangazo: mtungaji wake, mtu wa nchi ya mbali, alitupa ruhusa ya kuijaribu, na tukiona inatufaa tumwandikie na kumlipa ili tujiandikishe. Nilibonyeza kitufe, tangazo likaondoka. Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili, mimi binti wa mwalimu mkuu, na sikumbuki kuona haya hata siku moja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kuajiriwa katika ofisi ndogo ya kuchapa, mjini. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto na kila Jumamosi nilipanda kwetu Machame, mlimani. Wateja walituletea flopi walizokuwa wamezibeba mfukoni pamoja na ugoro na funguo, na nyingi zilikuwa zimeharibika. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu wa kutoigusa faili ya mtu kwa programu ya kuandikia kabla sijaitazama kwa ile ya kusomea, maana ile haikuweza kuharibu kitu.

Mwaka huo babu yangu alifariki. Mwezi mmoja kabla, alimwita baba yangu, mwanawe mkubwa, akampa wosia kwa mdomo, kwa Kichagga, akiwa kitandani. Baba aliuandika kwa Kiswahili katika kompyuta ya shule aliyoiongoza, kwa vidole viwili, siku tatu mfululizo. Printa ya shule ilikuwa imekauka utepe, na babu akatutoka kabla karatasi haijapatikana ya kuweka dole gumba. Baada ya mazishi baba alinikabidhi flopi.

“Chapa nakala nne,” alisema. “Jumamosi ijayo wazee wa ukoo wanakaa.”

Kila mtu nyumbani alijua kikao hicho kingeamua nini. Shangazi yangu, dada pekee wa baba, alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika, na babu alimjengea nyumba ya vyumba viwili chini kabisa ya kihamba, kando ya mfereji. Alilima hapo, alifuga ng'ombe mmoja, hakuwa na mtoto. Kwa desturi yetu ya wakati ule binti hakurithi kihamba, shamba lile la ukoo la migomba na kahawa linaloshuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume. Kama babu hakumtaja, angeondoka, na baba mdogo, mtoto wa mwisho wa babu, alikuwa ameshapima kwa hatua mahali pa kupanda kahawa yake. Kama babu alimtaja, mtu asingemgusa. Hakuna aliyedai kujua, isipokuwa baba, na baba alisema tusubiri isomwe.

Jumatatu niliiweka flopi kwenye mashine, nikabonyeza tangazo likaondoka, nikafungua faili. Niliona alama za ajabu juu, nyuso na mioyo na mistari mitupu, kama ilivyokuwa kawaida kwa faili za programu ya kuandikia. Kisha maneno ya babu. Niliyasoma na kumsikia. Aya ya nne ilisema: “Binti yangu abaki katika nyumba ya mfereji, alime na kuvuna mpaka afe, na mtu asimguse.”

Nilifurahi hata nikasimama. Nikafungua faili ileile kwa programu ya kuandikia ili niichape. Aya ya nne ilisema: “Sehemu ya mfereji nampa mwanangu wa mwisho.”

Nilidhani nimekosea faili. Kwenye flopi kulikuwa na faili moja. Nikafunga, nikarudi kwenye programu ya kusomea. Binti yangu abaki. Nikarudi kwenye ya kuandikia. Mwanangu wa mwisho. Nilikwenda na kurudi hivyo mara nyingi kiasi kwamba mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama mashine imekwama. Mwishowe niliteremka hadi chini kabisa ya faili, huko ambako huwa pana alama zisizosomeka, na katikati yake nikaikuta, peke yake, sentensi ya mwanangu wa mwisho.

Hapo nikaelewa. Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa ametueleza jambo hilo, nasi tukaliona dogo. Programu ile ya kuandikia, ili isichukue muda katika kuhifadhi, haikuandika faili upya. Iliyaacha maneno ya zamani mahali pake, ikayabandika mapya mwishoni, na kujiwekea kumbukumbu ya kipi kionekane. Aliyekuwa mbele ya kioo aliona amefuta. Alikuwa amefunika tu.

Na aliyefunika alikuwa baba yangu. Nataka msomaji aelewe huyo ni nani. Nilipokuwa darasa la tatu nilirudi nyumbani na penseli ya mwenzangu, kipande kisichozidi kidole. Baba alinirudisha nayo jioni ileile, kwa miguu, ng'ambo ya korongo, mvua ikinyesha, akisimama nyuma yangu mpaka nilipoitoa na kuomba radhi. Usharika mzima ulimpa sadaka azihesabu, kwa sababu ni yeye. Nilikaa mbele ya kile kioo cha bluu kama mtu aliyeambiwa mlima haupo.

Nilichapa nakala nne kama nilivyoagizwa. Kisha nikauchapa ukurasa wa programu ya kusomea, pamoja na nyuso na mioyo yake. Ijumaa nikapanda Machame.

Baba alikuwa barazani akisahihisha madaftari.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umezileta?”

Nilimpa karatasi ya tano kwanza. Aliisoma akiwa ameshika kalamu nyekundu, na nilipoona kalamu inashuka nilijua amefika aya ya nne.

“Hii umeitoa wapi?”

“Kwenye flopi yako.”

“Haiwezekani. Nilifuta.”

Nilikuwa nimejiandaa kusikia akikana. Njia nzima nilimtungia utetezi: pengine babu alibadili nia, pengine aliagiza upya. Na yeye akasema nilifuta, kwa sauti ya mtu anayelalamikia kifaa.

“Mimi nikifuta ubaoni kimefutika,” alisema. “Kwa nini hii ihifadhi kitu nilichokifuta?”

“Baba, babu alisema au hakusema?”

Alivua miwani. “Mdogo wangu ana vijana wanne, wote wanamwangalia yeye wajenge wapi. Shangazi yako ana nani nyuma yake? Akifa, watapigania mahali pale kwa mapanga. Nilitaka kuwaepusha.”

“Alisema au hakusema?”

“Alisema.”

Alikunja karatasi mara mbili, akanirudishia, akachukua daftari lililofuata. Hakuniomba ninyamaze. Ninayo karatasi hiyo hadi leo.

Siku ya pili wazee wanane walikaa sebuleni. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tukipika mtori wa ndizi, dirisha wazi, na shangazi alikuwa karibu yangu akimenya ndizi ambazo hazikuhitajika tena. Baba akasimama asome.

“Mwalimu, soma taratibu,” mzee mmoja alisema. “Hapa hatufanyi mtihani.”

“Na usituchape tukisinzia,” akadakia mwingine, wakacheka.

Akasoma aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha, akiwa ameshika karatasi isiyokuwa na maneno hayo, akasema kwa ufasaha kila neno: “Binti yangu abaki katika nyumba ya mfereji, alime na kuvuna mpaka afe, na mtu asimguse.”

Kisu cha shangazi kilisimama. Mimi nilimshukuru Mungu, na shukrani yangu haikumaliza dakika.

“Kaka, ngoja,” ilikuwa sauti ya baba mdogo. “Nakala yangu haisemi hivyo. Hapa pameandikwa mwana wa mwisho.”

Halafu baba yangu akajibu, “Mchapaji amekosea. Ni binti yangu, alichanganya mistari.”

“Kompyuta hizo!” mzee mmoja akasema. “Zinawapeleka vijana mbio. Aitwe.”

Niliingia nikifuta mikono kwenye kanga. Baba alitazama karatasi yake. Mzee mkubwa kuliko wote, aliyekuwa na mkongojo katikati ya magoti, aliniuliza bila ukali:

“Mjukuu wangu, uliyachanganya maneno ya babu yako?”

Ningeweza kutoa karatasi iliyokuwa imekunjwa ndani ya gauni langu. Ningesafisha jina langu kwa pumzi moja, na kwa pumzi hiyohiyo ningemfanya baba kuwa mwongo. Na wosia usiokuwa na dole gumba, ulioandikwa na mwongo, nani angeiamini aya yake yoyote? Baba mdogo angedai wote utupwe, desturi ifuatwe, na kwa desturi shangazi hakuwa na kitu. Yote haya niliyajua mara moja. Nilijua pia kwamba baba alikuwa ameyajua kabla yangu, alipokuwa akitafuta la kusema.

“Ndiyo, babu,” nilisema. “Nilichanganya. Naomba mnisamehe.”

Nilishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka kwa urahisi. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo na, nikiwa mwalimu, nimewahimiza wanafunzi wengi kusema kweli, na sijawahi kusema uongo mwingine laini kama ule.

“Basi asituombe sisi,” alisema mzee wa mkongojo. “Aliyekosewa yuko jikoni. Akakate isale ampelekee.”

Wakapiga makofi. Isale ndio mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, na jani lake ni ombi la msamaha. Anayepelekewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa. Nilikwenda mpakani, nikakata jani, nikalifunga fundo, nikalileta kwa mikono miwili mbele ya mama zangu wote kwa kosa ambalo sikulifanya. Shangazi alilipokea. “Yamekwisha,” akasema, kama inavyopasa, na vigelegele vikapigwa.

Wazee walipokwisha kula na kutawanyika, nilimkuta shangazi nyuma ya jiko akiwa bado ameshika lile jani.

“Mwanangu, hukuchanganya kitu,” alisema.

“Umejuaje?” nikauliza.

“Siku baba yangu alipokuwa akisema, ni mimi niliyekuwa namnywesha uji. Kaka yangu alikaa upande ule na daftari, mimi upande huu na kikombe. Nilisikia kila neno.”

“Ulijua? Na ungenyamaza hivyo hivyo, mpaka wakutoe?”

“Ningesema kwenye kikao gani? Ningeitwa lini?” Aliuliza bila hasira, akingoja kweli nimjibu. Wiki nzima nilijiona mtu pekee anayeibeba ile sentensi, nilikuwa nimeitoa kwenye mashine kama hazina, na kumbe ilikuwa imekaa muda wote kwa mtu ambaye hakuna aliyefikiri kumuuliza. Nami sikumuuliza.

Alijifunga kanga vizuri, akapanda hadi barazani, nami nikamfuata. Baba alikuwa peke yake, viti vimebaki ovyo. Shangazi alimnyooshea lile jani.

“Kaka, mtoto ameniletea hili. Si lake.”

Nilidhani baba atafoka. Alilichukua, akasimama. Sikuwahi kumwona baba yangu akiinama mbele ya mtu aliye mdogo kwake. Aliinama, akamrudishia jani kwa mikono miwili.

Shangazi hakulipokea mara moja. Alimwacha hivyo, mgongo umepinda na mikono iko mbele, mpaka mimi nikashindwa kutazama.

“Yamekwisha,” alisema hatimaye, akalichukua, akashuka kwenda kumkamua ng'ombe wake.