Ile game ya magenge ya Kijapani: uzuri wake, ubaya wake, na kilichompata ndugu yangu Mwenda

Wakuu, habari zenu. Au tunavyosalimiana kwetu Meru, muga.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika, na sitatia chumvi hata kidogo, maana hadithi yenyewe haihitaji.

Mimi nafanya kazi Embu town, kwenye hardware. Kwetu ni Nkubu. Mdogo wangu Mwenda alibaki nyumbani na mzee wetu, akipakia ndizi kwenye malori siku za soko. PlayStation ilikuwa yetu wawili lakini ilikaa kwake. Nikienda nyumbani wikendi tulikuwa tunacheza ile game ya magenge ya Kijapani, open world, yaani unazurura mjini utakavyo. Jina sitaji, wanaoijua mmeshaijua.

Tuanze na uzuri.

Mji wake ni mdogo, na hapo ndipo walioitengeneza walitumia akili. Badala ya ramani kubwa iliyojaa nyasi, wamekupa mitaa michache yenye vitu vingi. Unaingia kibanda cha tambi, unakula, nguvu inarudi. Unakata kona, mama wa watu anakusimamisha umtafutie paka wake. Baada ya muda unaijua hiyo mitaa kama unavyojua soko la kwenu.

Story nayo ni tamu. Kuna mahali jambazi mkubwa anamfanya mwingine kuwa ndugu yake kwa kiapo. Wanakunywa pombe kwenye vikombe vidogo, na kuanzia hapo ni ndugu mpaka kaburini.

Siku moja mzee alipita sebuleni akitafuta miwani yake, akaona sehemu hiyo, akasimama.

"Hawa wamefanya gichiaro," akasema. Na mzee wetu si mtu wa kutazama TV.

Kwa msiotoka Meru: gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo. Mababu waliapa, sisi tukarithi. Mtu wa gichiaro humuumizi, humdanganyi, humshtaki, na akikuomba kitu humnyimi. Ukivunja, laana ni ya familia nzima. Sisi vijana wa town tunacheka, lakini bado sijaona anayejaribu.

Haya, ubaya.

Maongezi yote ni Kijapani, unasoma maandishi chini ya skrini mpaka macho yanawasha. Magari yamejaa barabarani lakini huendeshi hata moja. Maadui ni walewale, wanabadilishiwa mashati tu.

Lakini ubaya ambao mimi siwezi kuusamehe ni huu: hakuna anayekufa kwa kipigo. Unamvunjia mtu baiskeli kichwani, unamgongesha ukuta, kisha anaamka, anajipangusa, anakuomba msamaha na kukupa zawadi. Mwenda alikuwa anacheka sana hapo.

Sasa sikilizeni.

Siku moja ya soko Mwenda aligombana na mpakiaji mwenzake, kijana aliyetoka Muthara anaitwa Kirimi. Waligombania lori. Kirimi akamsukuma. Mwenda akaanguka chali, kisogo kikagonga ukingo wa saruji.

Akalala hapo kidogo. Kisha akaamka, akajipangusa, watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Jioni Kirimi alikuja kwetu na baba yake kuomba msamaha. Hilo lilikuwa jambo zuri. Chai ikaletwa, wazee wakaanza kuulizana koo kama kawaida yao, na ghafla wote wawili wakaweka vikombe chini.

Koo zetu ni gichiaro.

Wazee waliogopa sana. Wakakubaliana kondoo achinjwe, kosa lisafishwe, na mpaka hapo neno lisitoke nje. Hospitali wangeuliza nani alimwangusha, kisha ingekuwa polisi, na huko ni kumshtaki mtu wa gichiaro. Mwenda akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa alale.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati huo niliambiwa kwa simu tu kwamba "ameteleza kidogo."

Wikendi nikafika nyumbani, nikamkuta ameketi na controller. Wahuni wa mwanzo kabisa wa game, wale hata shosho wa miaka tisini angewapiga, walikuwa wanamwangusha. Kidole gumba cha kulia kilikuwa hakibonyezi. Alikuwa anakitazama kama anakisihi.

"Bro, hii controller imeharibika," akaniambia, ulimi mzito.

Nikaichukua, nikaijaribu. Ilikuwa sawa kabisa.

Nikamwambia mzee lazima twende hospitali sasa hivi.

"Kondoo ni kesho kutwa. Wacha hiyo kitu iishe kwanza," akasema.

"Baba, huyu hawezi shika kitu na mkono!"

"Si aliamka akatembea? Mtu ameumia vibaya anaamka?"

Nilimkasirikia baba yangu vile sijawahi kumkasirikia mtu. Na ubaya ni kwamba hakuwa mkatili. Aliamini kabisa anamlinda Mwenda, na sisi wengine pia. Jirani mwenye gari alikataa kwenda kinyume chake. Hata Mwenda mwenyewe alisema hatoki bila neno la baba.

Ndipo nikampigia Kirimi, mtu ambaye baba hangeweza kumnyima kitu.

Alikuja na boda. Hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Baba, mimi naomba kitu moja. Mwenda aende hosi. Wakiuliza ni nani, nitasema ni mimi."

Mzee akainuka akachukua koti lake.

Hospitali walisema damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu, polepole, tangu siku ile ya soko. Wakatuambia apelekwe kwenye hospitali kubwa apasuliwe. Mwenda alifariki tukiwa njiani, kichwa chake mapajani mwangu.

Daktari alisema angeletwa siku ileile aliyoanguka pengine angeokolewa. Mzee alisikia.

Kirimi alijipeleka polisi. Sisi hatukumshtaki. Alipoachiliwa kwa dhamana akaja kwetu kabla ya mazishi, akamwomba mzee kitu kingine: achimbe kaburi.

Nilitamani mzee akatae. Lakini hakuweza, na kila mtu pale alijua hakuweza. Kirimi akachimba peke yake mpaka udongo ukamfika kifuani, analia, na mzee ameketi kwenye stuli akimtazama. Alipomaliza, mzee ndiye aliyempa mkono akamvuta juu.

Kama game, ni nzuri, nawaambia ukweli. Funzo langu ni moja: mtu akigongwa kichwa, kuamka kwake kusikudanganye. Mila zitangoja.

Nitasoma kila comment, hata ya kumtukana mzee wangu. Lakini kama wewe unayesoma uligongwa kichwa juzi, ukaamka ukaendelea na kazi, usinijibu sasa. Weka simu chini uende hospitali. Utaniandikia ukirudi.