Hodi kwenye Mji Mtupu

Fundi anaipaka chokaa nyumba ya bibi, na harufu yake mbichi inanirudisha kwenye mji wa kale, kando ya bahari, uliozungushiwa ukuta wa mawe. Bibi alinipeleka nikiwa mdogo. Nilikimbilia langoni, akanivuta mkono.

"Usiingie kama mbuzi. Piga hodi."

"Bibi, hamna watu."

"Wenyewe hawapo, lakini nyumba ni zao."

Akavua makubadhi, akapiga hodi mara tatu, kisha akajiitikia mwenyewe, taratibu: "Karibuni."

Ndani alinionyesha alama za vidole vya fundi wa zamani kwenye lipu. Niliweka vyangu, vikaenea. Sijaona tena kazi nzuri kama ile.

Leo bibi hayupo tena, nimekabidhiwa ufunguo wake. Nasimama mlangoni kwa bibi, napiga hodi mara tatu. Kujiitikia siwezi.